Nguo kwa Ajili ya Mtu



Liko swali moja ambalo wengi huliona dogo mno, hata hawadhani kwamba lafaa kuulizwa katika gazeti la Wakristu. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyejaliwa umbo lisiloafikiana na nguo za dukani, aliye mrefu kupita wenzake au mfupi mno, mwenye mabega mapana na kiuno chembamba, mwenye kibiongo au mguu mmoja mfupi, je, anatenda vema akijisumbua kutafuta nguo itakayomkaa barabara? Au ni majivuno matupu, na ingekuwa heri avae chochote apatacho na kumshukuru Mungu?

Wako wasemao kwamba ni majivuno. Mwili, wasema, ni udongo nao utarudi mavumbini. Kwa nini kuushughulikia hivyo? Maneno hayo yana sura ya utakatifu, wala si haki kuyatupa bila kuyachungua. Bwana wetu mwenyewe alituonya tusisumbukie mavazi, akatuonyesha maua ya kondeni jinsi Baba wa mbinguni anavyoyavika. Lakini tuangalie vizuri ni kitu gani kilichokatazwa. Kilichokatazwa ni wasiwasi wa mtu asiyemtegemea Baba yake. Tena Mungu huyo avikaye maua huyavika kila moja kwa namna yake. Hakuna ua lililopewa vazi la ua jingine.

Tufungue Kitabu cha Kwanza cha Samweli. Humo twasoma habari za Hana, aliyemtoa mwanawe Samweli amtumikie Mungu huko Shilo chini ya kuhani Eli. Kila mwaka mama huyo alimshonea mwanawe kanzu ndogo, akampelekea alipopanda pamoja na mumewe kutoa sadaka. Tuifikirie kidogo kazi hiyo. Mtoto alikuwa mbali, naye alikua mwaka hata mwaka. Ilimpasa mama kukisia mabega yamepanuka kiasi gani, na mikono imerefuka vidole vingapi. Kanzu ya mwaka uliopita ilipokuwa haifai tena, Hana hakumlaumu mtoto kwa kukua, alikata nyingine. Hayo ndiyo mapendo ya mama, nayo yameandikwa katika Maandiko Matakatifu ili tuyasome.

Katika kitabu hichohicho imo habari ya Daudi. Mfalme Sauli, aliyewapita watu wote wa Israeli kwa urefu toka mabegani kwenda juu, alimvika kijana huyo mavazi yake mwenyewe ya vita, kofia ya shaba na deraya. Daudi akajaribu kwenda nayo, asiweze, akayavua. Mavazi yale yalikuwa ya kifalme, tena yalitolewa kwa nia njema. Lakini hayakukatwa kwa mwili wake. Daudi hakusema, "Kumbe mimi ni mdogo mno, sifai." Alichukua fimbo yake na kombeo lake, akaenda kushinda. Je, ni wangapi miongoni mwetu wanaovaa deraya ya Sauli kila siku, kisha wakadhani kwamba kosa ni la mabega yao?

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Mtu akiingia dukani akajaribu magauni matano au suruali sita, na zote zikamkataa, hasemi, "Nguo hizi hazikukatwa kwa ajili yangu." Husema moyoni, "Mwili wangu una kasoro." Basi anatoka na aibu ambayo hakuistahili. Wako akina mama wanaoacha kwenda Misa ya Jumapili kwa sababu hawana vazi linalowasitiri bila kuwabana. Wako vijana wanaokataa kusimama mbele ya wenzao kwa sababu suruali yaishia juu ya kifundo cha mguu. Aibu ya namna hiyo humtenga mtu na jamaa yake, na pengine na Sakramenti. Nani basi atasema kwamba ni jambo dogo?

Yafaa tujue namba zinazoshonwa katika ukosi wa nguo zilitoka wapi. Babu zetu na bibi zetu hawakuzijua. Kanga haina namba, wala kitenge, wala shuka, wala msuli. Mnene na mwembamba hujifunga kitambaa kilekile, kikawafuata wote wawili. Na aliyetaka gauni au kanzu alikwenda kwa fundi, akapimwa. Namba zimeletwa na viwanda, kwa kuwa kiwanda hakiwezi kumwona atakayevaa. Hushona maelfu kwa kukisia. Huko Marekani, katika miaka ya 1939 na 1940, Wizara ya Kilimo ilipima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili ipate kanuni ya nguo za kiwandani. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1941, na vipimo vilivyotumika katika hesabu vilikuwa vya wanawake wa Kizungu tu. Kwa msingi huo serikali ikatoa kanuni ya namba mwaka 1958. Mwaka 1983 ikaiondoa, maana haikuwafaa watu. Siku hizi kila kiwanda hujiwekea namba zake. Gauni liitwalo namba 12 huko Uingereza kwa kawaida huitwa namba 8 huko Marekani. Ni ajabu mtu kulia kwa sababu ya namba ambayo hata wenyewe walioibuni hawapatani juu yake.

Tena liko jambo la kustaajabisha zaidi. Mwaka 1950 jeshi la anga la Marekani lilipima marubani 4,063. Mwanajeshi mmoja mtaalamu, Gilbert Daniels, alichagua vipimo kumi vya mwili, kama vile urefu, kifua na mikono, akatafuta ni marubani wangapi walio wa wastani katika vyote kumi. Hakupatikana hata mmoja. Mwenye urefu wa wastani alikuwa na mikono mirefu. Mwenye kifua cha wastani alikuwa na nyonga nyembamba. Yule "mtu wa kawaida" ambaye viti vya ndege vilitengenezwa kwa kumfuata hakuwako duniani. Basi jeshi halikuwafukuza marubani. Lilitaka viti viweze kusogezwa mbele na nyuma ili kila mtu akae sawasawa. Ikiwa jeshi limekubali kwamba kiti kimfuate mtu, sisi wana wa Kanisa tutakuwa wagumu kuliko jeshi?

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili yana kiasi na busara. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliandika kwamba katika mavazi mtu aweza kukosa pande mbili: kwa kuzidisha, yaani kujipamba kwa kutafuta sifa, na kwa kupunguza, yaani kutojali na kuvaa ovyo. Tena alionya kwamba hata uchakavu waweza kuwa majivuno, mtu akiutumia ili asifiwe kwa unyenyekevu wake. Naye Papa Pio XII, alipozungumza na mafundi wa mitindo ya mavazi tarehe 8 Novemba 1957, alitaja mambo matatu yanayotakiwa katika nguo: afya ya mwili, haya, na heshima ya mtu. Basi tupime nguo isiyotukaa kwa mambo hayo matatu. Inayobana yazuia pumzi na damu. Inayopanda kila tukiketi, au inayofunguka kifuani kila tukiinama, yavunja haya bila sisi kutaka. Inayopwaya hata mtu akaonekana kama amejificha ndani ya gunia yamwondolea heshima. Kwa hiyo anayetafuta nguo ya kumkaa vema atimiza wajibu, mradi asivuke kiasi.

Na kiasi hicho ni nini? Wahenga walisema: jikune upatapo. Baba wa jamaa asiuze chakula cha watoto ili avae suti, wala mama asikope kila sikukuu ili aonekane na mshono mpya. Nguo mbili zilizokatwa vizuri, zikafuliwa na kupigwa pasi, zashinda sanduku lililojaa nguo zisizovalika. Tena wako wanaotaka kuugeuza mwili ufuate nguo: wasichana wanaojinyima chakula hata wakaugua, na wanawake wanaojifunga mikanda ya kukaza tumbo hata wakashindwa kuvuta pumzi. Hao wameipindua kanuni. Bwana wetu alifundisha kwamba Sabato iliwekwa kwa ajili ya mtu. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa siku takatifu, je, si zaidi kwa gauni na suruali?

Nchini mwetu hatuna haja ya kukata tamaa, maana twayo neema ambayo nchi nyingi tajiri zimeipoteza: fundi cherehani yupo karibu kila mtaa na kila soko. Hata nguo za mitumba, ambazo nyingi zilikatwa kwa miili ya watu wa mbali, hupata uhai mpya mikononi mwake. Anayechagua mtumba aangalie mabega kwanza, kwa kuwa mabega ni taabu kuyarekebisha. Kiuno na pindo hupunguzwa kwa urahisi. Aangalie pia kama ndani ya mshono kimeachwa kitambaa cha kutosha, apate kuachia. Fundi mwema hajui kupunguza tu. Kwa mwenye kibiongo hukata kipande cha nyuma kirefu kuliko cha mbele, pindo likae sawa. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu huiinua suruali upande wa nyuma na kuirefusha miguuni. Kwa mama aliyeondolewa ziwa kwa sababu ya ugonjwa hutafuta mshono utakaomrudishia amani anapopita mbele za watu.

Kwa hiyo twawasihi mafundi wajue ukubwa wa wito wao. Mtakatifu Homobonus wa Cremona, aliyefariki mwaka 1197, ndiye msimamizi wao mbinguni. Alikuwa mlei mwenye ndoa, mtu wa biashara ya nguo, na Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1199 kwa ajili ya sala zake na huruma yake kwa maskini. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na siri ya mwili wa mteja aijuaye ni fundi. Akipima, asitangaze vipimo kwa sauti mbele ya wengine, wala asicheke, wala asiwasimulie jirani. Arudishe kitambaa kilichobaki. Atimize siku aliyoahidi, maana ahadi ni deni, na mtoto wa Komunyo ya Kwanza hawezi kungoja hadi Jumapili ijayo.

Lakini mzigo huu si wa fundi peke yake. Twapenda sare: za kwaya, za WAWATA, za vyama vya kitume, za arusi. Sare ni nzuri, kwa kuwa yaonyesha umoja. Ila mara nyingi kamati huagiza nguo zilizokwisha shonwa kwa namba tatu, kisha wale wasioingia katika namba hizo husimama kando, au hukaa nyumbani kwa kisingizio cha homa. Ni afadhali kununua kitambaa kimoja, na kila mmoja akapimwe kwake, kwa mshono unaomfaa. Na kama mwenye mwili mkubwa ahitaji mita moja zaidi, chama kizima kishiriki gharama ya mita hiyo, asitozwe peke yake kana kwamba ni faini. Mtume Yakobo aliwakemea Wakristu waliompa kiti cha heshima mwenye mavazi mazuri na kumweka chini maskini. Kumtenga ndugu kwa sababu ya kipimo chake ni dhambi ya ukoo huohuo.

Na wazazi, chungeni ndimi za nyumbani. Mtoto aitwaye "Twiga" au "Kibonge" kila siku na ndugu zake hujifunza kuuchukia mwili aliopewa na Muumba, kabla hata hajajua kuuvika. Sare ya shule ikimbana, msimwambie kwamba amekula mno. Achieni pindo, au mtafute nyingine kwa jirani ambaye mtoto wake ameshakua. Anayempelekea jirani gauni lililo zima, likamkaa mtoto barabara, ametimiza neno la Bwana la kumvika aliye uchi. Anayempa takataka isiyomfaa mtu amepunguza tu mzigo wa sanduku lake. Tabitha wa Yopa alipofariki, wajane walisimama wakilia, wakimwonyesha Mtume Petro kanzu na nguo alizowashonea. Bila shaka aliwafahamu wajane wale mmoja mmoja.

Zakayo alikuwa mfupi, naye alipanda mkuyu kwa sababu umati ulimzuia kuona. Bwana wetu alipofika chini ya mti ule hakusema neno juu ya kimo chake. Aliinua macho, akamwita kwa jina, akaenda kushinda nyumbani mwake. Basi nasi tuwatazame hivyo wale wasioingia katika namba za dunia, na tunapojitazama wenyewe katika kioo tusisahau kwamba aliyetuumba hakututengeneza kiwandani. Ametuumba mmoja mmoja. Na sisi tuvikane vivyo hivyo.