Kilicho Changu Ni Changu Mpaka Wapi?



Wapendwa vijana, Jumapili iliyopita mmoja wenu alinisimamisha nje ya kanisa akaniuliza kama frateri anaruhusiwa kumiliki mashine ya muziki. Nikamjibu haraka haraka kwamba ndiyo, nikaondoka. Jibu lilikuwa sahihi, ila lilinisumbua njia nzima. Mapadre wa jimbo hawaweki nadhiri ya ufukara kama watawa. Kanuni ya 282 ya Sheria za Kanisa inawataka makleri waishi maisha ya kawaida, wajiepushe na mambo yenye sura ya majivuno, na sisi tunaoelekea huko tunafundishwa hivyo hivyo. Haisemi usiwe na kitu. Kwa hiyo swali la kuruhusiwa ni jepesi. Gumu ni lile ambalo hakuniuliza: ukishakuwa na kitu, ni chako mpaka wapi?

Kwanza niseme mashine yenyewe ni nini, maana wengi mkisikia muziki wa elektroniki mnafikiria laptopu. Gruvuboksi ni boksi moja linalojitegemea. Ngoma, besi, sauti za kinanda na kumbukumbu ya kuvipanga vyote, viko humo humo ndani. Jina hilo lilianza na kampuni ya Roland ya Japani ilipotoa MC-303 mwaka 1996. Ya kwangu ni Circuit ya Novation, kampuni ya Uingereza, toleo lile la kwanza la mwaka 2015. Niliinunua mkononi kwa mtu, kwa pesa za tuisheni niliyofundisha kabla ya kuingia seminari kuu. Ina pedi 32 zinazowaka taa za rangi, sehemu mbili za sinthesaiza, nne za ngoma, na spika ndogo. Ukiiwekea betri sita za kawaida inapiga hata umeme ukikatika, na umeme wa huku mnaujua wenyewe.

Mdundo unaupanga kwa hatua 16. Bonyeza ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, ngoma kubwa inaanza kudunda, na itazunguka hivyo mpaka wewe uisimamishe. Juu yake unaweka kayamba, halafu besi, halafu unafuta kayamba kwa sababu ilikuwa inajaza tu. Ukimaliza unaihifadhi kazi yako katika nafasi moja kati ya nafasi 32. Naomba mzikumbuke hizo nafasi, tutazirudia. Nilichokipenda zaidi ni kwamba haina skrini. Simu ukiishika utengeneze biti, baada ya dakika mbili uko WhatsApp unaangalia harusi ya mtu usiyemjua. Hii haina pa kukupeleka zaidi ya hapo ulipo.

(Na kabla hamjaniuliza: hapana, siipigi kwenye Misa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliipa kinanda cha mabomba heshima ya pekee, ukaacha mlango wazi kwa vyombo vingine vinavyofaa ibada, kwa ridhaa ya wenye mamlaka. Kwa maoni yangu mdundo wa mashine unaozunguka wenyewe hauwafuati waamini wanapovuta pumzi, unawaburuza. Siku nyingine tutaongea.)

Sasa kisa. Nikiwa kwenye mwaka wa kichungaji, kulikuwa na kijana mmoja wa VIWAWA, fundi pikipiki, mwenye sikio la ajabu. Alisikia ninachofanya siku moja tu, kesho yake akawa anakigonga kwa spana juu ya tenki la mafuta. Akaniomba, "Frateri, niazime hiyo mashine wikiendi hii tu." Nikamwambia betri zimeisha. Wiki ya pili nikasema gereji ina vumbi, itaharibika. Wiki ya tatu nikasema nina kazi nayo, na sikuwa na kazi nayo yoyote.

Usiku ule nikamfungua Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Nawaambia ukweli, sikwenda kutafuta mwanga, nilikwenda kutafuta wakili. Na nilimpata, kwa nusu. Katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 66, kifungu cha 2, anasema mtu anaruhusiwa kuwa na mali yake mwenyewe, na anatoa sababu tatu: kila mtu hukitunza zaidi kilicho chake kuliko cha wote; mambo huenda kwa utaratibu kila mmoja akiwa na lake la kushughulikia; na watu hukaa kwa amani zaidi. Sababu ya kwanza haikuhitaji ushahidi. Kinanda cha kigango chetu kilikuwa cha wote, kina vitufe vitano visivyolia, na hakuna aliyejua ni lini viliacha kulia.

Lakini Tomaso haishii hapo, hiyo ndiyo shida ya kumsoma mpaka mwisho. Anatenganisha mambo mawili: kukipata na kukisimamia kitu, na kukitumia. Kukisimamia kunaweza kuwa kwangu. Katika kukitumia, anasema, mtu asivihesabu vitu vya nje kuwa vyake peke yake bali kama vya wote, awe tayari kumshirikisha mwenye uhitaji. Nikajitetea: jamani, biti nayo ni uhitaji? Si chakula, si dawa. Nikalala na utetezi huo, ila haukulala vizuri. Kijana anayeshinda kwenye grisi siku sita, siku ya saba ana kitu kichwani kinachotaka kutoka, na chombo cha kukitoa kimefungiwa kwenye sanduku langu chini ya kitanda. Hiyo si njaa ya tumbo. Ila kuiita anasa, mimi niliye na mashine, ningekuwa najipendelea.

Basi nikamwazima. Ijumaa nikampa, Jumatatu akairudisha. Ilikuwa imefutwa vumbi kuliko ilivyotoka kwangu, na ameweka betri mpya. Nikamshukuru. Jioni nikaiwasha, nikafungua nafasi namba 7, na nikasikia kitu ambacho si changu.

Nafasi namba 7 ilikuwa ya baba. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu, na wiki tuliyomzika nilikaa chumbani nikaupanga mwendo wa mguu wake kwa kayamba na ngoma ndogo: unakwenda, unasita anapogeuza kitambaa, unakwenda tena. Haikuwa kazi kubwa. Sikuwa na nakala yake popote. Na yule kijana, kwa nia njema kabisa, alitafuta pa kuhifadhi biti yake akahifadhi juu ya hiyo.

Nilimfuata gereji. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, mbele ya wateja wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema taratibu, "Frateri, ungeniambia tu hiyo ya saba usiguse."

Tulipokuwa falsafa tulisoma ugomvi wa Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, na mimi niliuona ni ugomvi wa watu wenye muda mwingi. Walidai hawamiliki kitu. Wanatumia tu, mwenye mali ni Kanisa la Roma. Papa Nikolao III aliupokea msimamo huo kwa hati mwaka 1279. Papa Yohane XXII akaukataa mwaka 1322, na moja ya hoja zake ilikuwa hii: kwa vitu vinavyoisha vikitumika, kama mkate, huwezi kutenganisha kutumia na kumiliki. Aliyekula mkate ameumaliza, utasemaje ulikuwa wa mwingine? William wa Ockham, yule tunayemjua kwa wembe wake, aliingia katika ugomvi huo mpaka akaikimbia Avignon mwaka 1328.

Pale gereji ndipo nilipoelewa walikuwa wanabishania nini. Mashine yangu si mkate. Ukiitumia haiishi, inaweza kupita mikono kumi ikarudi nzima. Lakini zile nafasi 32 ni mkate. Anayehifadhi juu ya nafasi ameila iliyokuwepo. Mimi nilimwazima mashine kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe nilimpa vitu viwili vya aina mbili. Kuniomba atumie ilikuwa haki yake ya kuomba. Kumwambia kipi kinalika na kipi hakiliki ilikuwa kazi yangu, ndiyo ile kazi ya kusimamia ambayo Tomaso ananiachia mimi mwenye mali. Sikuifanya. Nilitoa kama mtu anayetupa, ili dhamiri iniache nilale.

Nilikwenda kuungama, kisha nikarudi gereji kumwomba radhi, mbele ya wateja vile vile, kwa sababu mahali nilipomvunjia heshima ndipo nilipaswa kuirudisha. Tulicheka kidogo. Biti yake, niseme ukweli, ilikuwa nzuri kuliko nyingi za kwangu.

Nilidhani yameisha. Jioni nikampigia mama simu, nikamsimulia yote kama mtu anayetafuta kupewa pole. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Kumbe kulikuwa na muziki wa baba yako? Mbona hukunisikilizisha?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Miaka miwili mashine hiyo ilikuwa kwenye begi langu kila nilipokwenda likizo nyumbani. Niliusikiliza peke yangu, kwa hedifoni, baada ya sala ya usiku, mama akiwa chumba cha pili. Kijana wa watu alifuta kitu kwa kutokujua. Mimi niliyejua nilikuwa nimemnyima aliyestahili kuliko wote, wala haikuwahi kunipitia kichwani kwamba ananyimwa.

Likizo hii nimekwenda nayo. Nafasi namba 7 nimemwachia fundi wangu, sijaigusa. Nimeanza upya kwenye namba 8, mama amekaa pembeni na mchele wake wa kuchambua. Mara ya kwanza alisikiliza akatikisa kichwa: "Baba yako hakuwa akishona haraka hivyo." Nikashusha kasi kutoka 118 hadi 100. Akasema bado. Sasa tuko 92, na kile kituo cha kugeuza kitambaa anasema kiko mapema, nikisogeze hatua moja mbele.