Hesabu ya Palizi

Wanachuo wanaojitolea kuwafundisha watu wazima elimu ya uchumi tunawapokea kwa furaha. Lakini wazee wametuuliza swali gumu: je, ni haki kijana asiyewahi kudaiwa hata mfuko mmoja wa mbolea awafundishe mambo ya fedha watu waliosomesha watoto wao kwa kahawa?

Mlima huu haukungoja wanachuo ndipo ujue biashara. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Chuo cha Ushirika chenyewe kilifunguliwa Moshi mwaka 1963, wakati babu zetu walikwisha zoea kugombania bei.

Jioni moja tulihudhuria somo la namna hiyo, tukakaa nyuma. Kijana aliandika ubaoni gharama za shamba: mbolea, dawa, magunia, usafiri. Akauliza kama kuna alichosahau.

"Palizi, mwanangu," akasema mama mmoja. "Palizi hailipwi?"

Wakahesabu siku za kupalilia, kuchuma, kukoboa, kuosha na kuanika, kila siku kwa ujira wa kibarua. Faida yote ikaisha. Akina baba wakanyamaza, maana kwa desturi ya zamani huku kwetu kahawa ni ya baba, na ndizi na maziwa ni vya mama. Mzee mmoja akasema kijana ameleta fitina katika nyumba za watu.

Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu tulikuwa tukiwaonya walimu wasiingilie mambo ya ndani ya nyumba za watu. Sasa tunaona onyo hilo lilikuwa na kasoro. Ile kazi ilikuwapo kabla ya chaki, na manung'uniko pia yalikuwapo, ila hayakuwa na tarakimu. Kumficha mtu mzima jibu kwa kuwa ni chungu ni kumfanya mtoto.

Lakini kijana akimaliza somo hupanda gari akarudi mjini, na mama hubaki na mumewe na lile jibu. Tulimwambia hivyo. Akasema ana mitihani. (Mitihani, tunavyoijua, haiishi.) Tukamwambia kwamba aliyefungua hesabu kama ile hana ruhusa ya kuiacha njiani.

Juma lililofuata alirudi. Yule mzee naye alikuja, akakaa mbele, akataka hesabu irudiwe, kwani siku za palizi zilikuwa zimezidishwa. Mama akasema zimepunguzwa.