Haki ya Mtazamaji

Je, msomaji, mtu asiyechukua kitu ana haki ya kumlaumu achukuaye? Swali hili laonekana jepesi, kwa kuwa asiyeiba humkemea mwizi, na asiyekata mti humkemea mkataji. Lakini nakuomba ulipakie swali hilo katika kidau cha makasia, ulipeleke Mida, karibu na Watamu, ulichunguze huko siku nzima kabla ya kulijibu.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia nchi kavu ukazungukwa na mikoko. Aendaye huko kwa makasia hajipangii saa. Maji yakijaa, kidau hupita juu ya mizizi. Yakipwa, hukwama topeni, na siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 3. Kwa kukwama huko mtu hupata nafasi ya kuona. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopinda mfano wa magoti. Mchu huchomoza mizizi yake juu ya tope kama misumari, ipate kuvuta hewa, na jani lake ukililamba lina chumvi. Mbegu ya mkoko huota ingali imening'inia kwa mama yake, kisha huanguka kama mkuki, ikajichoma topeni au ikachukuliwa na maji. Baina ya mizizi hiyo hujificha samaki wadogo, na baadhi yao wakishakua huhamia mwambani. Basi apigaye kasia kutoka mikokoni hata matumbaweni hasafiri kati ya nchi mbili. Ni nyumba moja, yenye chumba cha watoto na chumba cha wakubwa.

Matumbaweni mtu huvaa miwani ya kuzamia, akauma mrija wa kupumulia, akalaza uso majini. Nilifanya hivyo wakati wa kaskazi, maji yakiwa maangavu. Niliona vitatange, na pono wakiguguna mwamba hata mguguno wao ukasikika. Furaha ile siwezi kukueleza sawasawa. Nitasema tu kwamba huzaa hasira upesi. Mtu akiinua uso wake hutaka dunia nzima iondoe mikono yake mahali hapo, ila yeye abaki.

Katika hali hiyo nilimwuliza mzee mwenye chombo kama si dhambi kukata mikoko. Alivuta makasia mara mbili tatu, akasema, "Mwalimu, nyumba yako umeiezeka kwa nini?" Nikamjibu, kwa mabati. "Na chuma cha mabati hayo kilichimbwa uani kwako?"

Kwa maoni yangu swali lake lina uzito kuliko langu. Watu wa pwani wamejenga kwa boriti karne nyingi. Hata upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Lamu ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yalizipeleka Uarabuni, ambako miti ni haba, mpaka Kenya ilipokataza kuziuza nje mwaka 1982. Kabla ya hapo, mwaka 1968, bahari ya Watamu ilifanywa hifadhi, uvuvi ukapigwa marufuku ndani ya mipaka yake. Hifadhi ile ni jambo jema. Lakini gharama yake haikulipwa na mwogeleaji. Ililipwa na mvuvi aliyeambiwa apige kasia mbali zaidi.

Tena, mtazamaji naye huchukua. Tumbawe gumu la mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka, na mguu mmoja wa mgeni waweza kuharibu kazi ya miaka mingi. Mwaka 1998 bahari ilipata joto la kupita kiasi, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe yakafa. Hapakuwa na shoka wala nyavu. Joto la bahari huzidishwa na moshi wa viwanda, magari na ndege, na wengi wajao kutazama huja kwa ndege.

Usidhani kwamba namtetea kila mwenye shoka. Amalizaye mikoko humnyang'anya jirani yake mvuvi, na mtoto ambaye hajazaliwa. Ninalokataa ni kwamba mikono mitupu ni ushahidi wa usafi. Nionavyo mimi, mtu hupata haki ya kukemea akiisha kubeba sehemu ya mzigo. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, wanakijiji hutunza hekta 117 za mikoko, na tangu mwaka 2013 watu wa mbali huwalipa kwa ajili ya hewa chafu inayofyonzwa na miti hiyo. Fedha hizo zimesaidia kuleta maji na vitabu vya shule. Mpango huo nina shaka nao kidogo, maana mlipaji aweza kudhani amenunua ruhusa ya kuzidisha moshi wake. Hata hivyo, mgeni akimwuliza mtu wa Gazi kwa nini bado anataka boriti, naye aweza kumwuliza mgeni amelipa kiasi gani.