Kunyamaza kwa Mtumishi Mbele ya Mkubwa Dhalimu

Imekuwa ada ya watu kumsifu mtumishi mwenye kustahimili. Mkubwa wake humtukana, naye hunyamaza. Humnyima haki yake, naye huinamisha kichwa. Na watu husema, huyu ana subira. Sifa hii haina ubaya maadamu madhara yanamwangukia yeye peke yake, kwani haki ya mtu ni mali yake: akitaka huidai, na akitaka huisamehe. Lakini ziko kazi ambazo dhulma ya mkubwa haikomei kwa mtumishi, bali humpitia yeye ikamfikia mtu wa tatu, asiyekuwapo wala asiyejua. Katika kazi hizo yapasa kuuliza: je, mtumishi ana ruhusa ya kusamehe kisichokuwa chake?

Kazi ya kutafuta matibabu mapya ndiyo iliyo wazi zaidi katika hizo. Mgonjwa hawezi kuona yafanywayo ndani ya maabara, wala hawezi kusoma majalada. Analolitegemea ni kwamba aliyeona jambo ameliandika kama alivyoliona, na aliyeona kosa amelisema. Amana yote imesimama juu ya ulimi na kalamu ya watu wadogo.

Na watu wadogo hao wamo katika mikono ya mkubwa wao kuliko karani alivyomo katika mikono ya mwenye duka. Msomi kijana huajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja, miwili au mitatu, na fedha ya mshahara wake mara nyingi imeombwa kwa jina la mkubwa. Kazi aliyoikesha usiku haitoki katika jarida ila kwa idhini ya mkubwa, na mkubwa ndiye apangaye jina la nani litangulie na la nani lifuate. Akitaka kuondoka, huko aendako wataomba barua ya mkubwa yule yule. Akiwa ni mgeni katika nchi, huenda hata ruhusa ya kukaa humo imefungamana na ajira yake. Karani aliyedhulumiwa huvuka njia akaingia duka la pili. Huyu ataingia wapi, na ilimu yake ni ya jambo moja tu, na walijuao duniani ni wachache, nao wote wanajuana na bwana wake?

Wellcome, wakfu mkubwa wa Uingereza utoao fedha za utafiti wa afya, ulitangaza mwezi wa Januari 2020 majibu ya watafiti zaidi ya 4,000. Katika kila 100, watu 61 walisema wameshuhudia uonevu au unyanyasaji, na 43 walisema umewafika wao wenyewe. Watu 78 walisema mashindano yamezidi hata yakaleta ukatili. Waliosema kwamba wangeona wepesi kunena juu ya mambo hayo walikuwa 37. Ni kweli kwamba hawa ni waliojibu kwa hiari yao, na mwenye malalamiko hujibu upesi kuliko aliyeridhika. Lakini hata ukiipunguza hesabu hii kwa nusu, yaliyobaki si madogo.

Atasema msemaji: ukali wa mkubwa ndio uzaao kazi njema, na mwanafunzi asiyekemewa hajifunzi. Huyo ataambiwa kwamba kukemea kosa ni jambo moja na kumvunjia mtu heshima yake ni jambo jingine, na kila aliyepata kufunzwa na mwalimu mwema anaijua tofauti hiyo bila ya kuelezwa. Tena, haikatazwi kwamba dhalimu aweza kuwa na ilimu ya kweli. Mwaka 2017 watu 45, waliokuwapo na waliokwisha kuondoka, waliandika barua kuilalamikia tabia ya mkuu mmoja katika Taasisi ya Utafiti wa Saratani ya London. Kazi yake juu ya saratani ya urithi ilikuwa ikisifiwa na wengi. Mwaka uliofuata Wellcome wakaondoa fedha zao kiasi cha pauni milioni 3.5, na wakamfungia asiombe nyingine kwa muda wa miaka miwili. Ilibidi watu arubaini na tano wakusanyike. Na akili inauliza, yule wa kwanza, aliyekuwa peke yake, alimwendea nani?

Lakini khabari iliyo nzito zaidi ni ya Stockholm, mji mkuu wa Sweden. Chuo cha Karolinska kina fakhari kubwa, kwani maprofesa wake ndio wachaguao mshindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba. Mwaka 2010 chuo kilimwajiri mpasuaji aitwaye Paolo Macchiarini, ingawa zilikwisha kufika barua za kumtahadharisha. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba barua hizo zilipuuzwa. Mwezi wa Juni 2011 alimtia bomba la pumzi la plastiki, lililopakwa chembe changa za mwili, kijana wa Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland. Kabla mwaka haujaisha, jarida la Lancet likachapa makala yenye kulisifu jambo hilo. Wagonjwa wawili wengine wakafuata katika hospitali hiyo. Yule kijana alikufa mwezi wa Januari 2014, na hata mmoja katika hao watatu hakubaki hai.

Mwaka huo wa 2014 madaktari wanne wa hapo hapo walikusanya yaliyomo katika majalada ya wagonjwa, wakayalinganisha na yaliyochapwa, wakaona hayapatani. Hawakupiga kelele barabarani. Waliwapelekea wakuu wa chuo ushahidi kwa maandishi. Wao wenyewe walieleza baadaye kwamba walitishwa. Profesa kutoka Uppsala akaletwa kuchunguza, na mwezi wa Mei 2015 akasema kwamba makosa yamethibiti. Mwezi wa Agosti mkuu wa chuo akamtakasa Macchiarini. Haikugeuka hali mpaka televisheni ya nchi ilipoonyesha mambo hayo mwezi wa Januari 2016. Hapo mkuu wa chuo akajiuzulu, na mpasuaji akafukuzwa. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu.

Nahodha aliyewazoeza mabaharia wake kuogopa kusema kwamba maji yanaingia katika ngama, hakuwadhulumu mabaharia peke yao. Amewadhulumu na abiria waliolala. Wala dhambi si ya nahodha tu. Wako wenye chombo, waliomkabidhi usukani kwa sababu ya nauli aletayo, nao walisikia minong'ono wakageuza nyuso. Katika nyumba za utafiti nauli hiyo ni fedha za wafadhili na idadi ya makala, na mwenye kuzileta kwa wingi huachiwa mengi.

Mambo haya si ya Ulaya peke yake kwa upande wa athari zake. Huko Kilifi, ambako Wellcome wamesaidia utafiti tangu 1989, watoto walishiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S baina ya 2009 na 2014. Kila mama aliyempakata mwanawe akachomwa sindano alimwamini mtu asiyemjua jina, kwamba ataandika joto la mtoto kama lilivyosomeka katika kipimo.

Wako wamwitao mfichuzi mfitini. Mfitini hupeleka neno kwa asiyeweza kuliondoa, ili watu wagombane. Mwenye nasaha hulipeleka kwa mwenye uwezo, na ushahidi mkononi. Wale wanne walifanya hili la pili. Hata hivyo khabari yao haikwisha kwa sifa. Mmoja wao alikuwa ametia jina lake katika makala ya 2011, na mwaka 2018 chuo kilimhesabu miongoni mwa watafiti saba wenye hatia ya makosa ya utafiti. Wengi waliona huko ni kumwadhibu aliyesema. Lakini jina lililotiwa chini ya neno lisilo kweli ni ushahidi, hata likitiwa kwa hofu, na muda uliopita kati ya kutia jina na kulikana una wenyewe waliolipa. Wanne hao walipoandika, mgonjwa wa tatu, mwanamke kutoka Uturuki, alikuwa angali hai. Alifariki mwaka 2017.