Mstari Mweupe juu ya Madibira

Nilikuwa Madibira, kwenye majaruba ya mpunga, mgeni wa mzee mmoja wa huko, ilipopita ndege juu kabisa ikiacha mstari mweupe. Nikaisifu papo hapo kwa beti mbili, kama ilivyo ada yetu watu wa pwani. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Bwana mshairi, hao wa mwanzo walioziunda, walilipwa?"

Swali hilo limenikaa kooni tangu siku ile.

Injini ya jeti ina baba wawili, kila mmoja akihangaika peke yake: Frank Whittle wa Uingereza, aliyeomba hataza mwaka 1930, na Hans von Ohain wa Ujerumani, ambaye injini yake iliirusha Heinkel He 178 tarehe 27 Agosti 1939, siku tano kabla ya vita. Mpaka hapo ni hadithi ya akili na subira, na mshairi hana la kuonea haya. Lakini ndege ya jeti ya Wajerumani iliyoingia vitani mwaka 1944, Messerschmitt Me 262, viwiliwili vyake vingi viliundwa ndani ya mahandaki ya Sankt Georgen, Austria, yaliyochimbwa na wafungwa wa kambi ya Gusen. Walikufa kwa maelfu. Injini zenyewe, kwa uhaba wa madini kama nikeli, aghalabu hazikudumu zaidi ya saa 25. Na mtu naye alihesabiwa vivyo hivyo: atumike hadi aishe, aletwe mwingine.

Je, tuseme ndege ni haramu? Siwezi; nimeipanda mwenyewe kwenda kumzika dada yangu. Wapo wasemao chombo hakina dhambi, dhambi ni ya mtu. Hoja hiyo humpendeza zaidi yule asiyedaiwa, nami ninadaiwa. Katika karne ya 19 misafara ya kwetu ilipita huko Usangu ikitafuta pembe na watu. Karafuu za Unguja na Pemba zilichumwa na watumwa, hadi sheria ya mwaka 1897 ilipoanza kuwafungua. Harufu ya karafuu imo katika nusu ya mashairi yangu, wachumaji hawamo.

Nilimjibu mzee kwamba wengi hawakulipwa. Akatikisa kichwa, akainama kuziba tundu la maji jarubani.

Beti zile mbili sijazichapisha. Wala sijazichana.