Shilingi 200 na Mkate wa Usiku
Somo: Yohana 21:1-17, 1 Wafalme 19:1-8



Wiki mbili zilizopita mchungaji alihubiri juu ya Petro pale ziwani. Baada ya ibada nikamwambia kwamba lile neno limenigusa mahali ambapo nilikuwa nimefunga na kufuli. Akanijibu, "Basi dada, liandike." Nimeandika na kufuta mara nyingi, na mtaona huko mbele kwa nini kufuta ni sehemu ya ugonjwa wenyewe.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye mweka hazina wa ushirika wa akina mama, huu ni mwaka wa 6. Daftari langu lina mistari ya rula. Sijawahi kusoma hesabu mbele yenu ikakosa hata shilingi, na nitasema ukweli, nililipenda sana lile neno mlilokuwa mkinisemea, kwamba kwa huyu dada pesa hazipotei. Nililibeba kama cheo.

Sasa sikieni. Jumatano moja baada ya maombi tulimchangia dada mmoja mjane. Amenikubalia niandike haya bila jina lake. Alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili, shilingi 3,500 kila mwezi, na mwenye ploti alikuwa amempa mpaka Jumamosi. Tukachanga, nikahesabu, ikawa shilingi 7,000 kamili. Tukampa Bwana sifa. Nikaahidi kwamba kesho yake asubuhi pesa zitamfikia.

Nilipofika nyumbani nikajumlisha majina kwenye orodha, nikapata 6,800. Pesa zilikuwa zimezidi orodha kwa shilingi 200. Yaani kuna mtu alikuwa ametoa na jina lake halikuandikwa. Mtu mwingine angesema asante Yesu, akatuma. Mimi nikasema hapana, daftari kwanza. Alhamisi nikapiga simu. Ijumaa nikapiga tena. Jumapili nikasimama mlangoni mwa kanisa nikiuliza dada mmoja mmoja, "Wewe hukutoa 200?" Na muda huo wote bahasha iko kwangu kabatini, imejaa. Jumatatu jioni mwenye ploti akaweka kufuli.

Dada na watoto wake watatu walilala sakafuni kwa jirani. Nilituma pesa Jumanne asubuhi nilipopata habari, lakini mwenye ploti alikuwa amesafiri na funguo, akarudi Jumatano jioni. Kijana mkubwa hakwenda shule siku hizo mbili kwa sababu sare na vitabu vilikuwa ndani. Juu ya hayo wakatozwa faini ya shilingi 500. Na ile 200? Ilikuwa yangu. Nilitoa mimi mwenyewe, nikashughulika kuandika majina ya wengine, nikajisahau.

Hiyo Jumanne usiku, saa tano, nyumba imelala, niliingia jikoni bila kuwasha taa. Kulikuwa na mkate wa gramu 400 wa chai ya watoto asubuhi, na mkebe wa siagi. Sikuwa na njaa. Tulikuwa tumekula ugali na sukuma wiki saa mbili. Nilikula nikiwa nimesimama, kipande juu ya kipande, mpaka kile cha mwisho ambacho ni ganda tupu, nikakila pia. Kwa zile dakika chache sikuwa mweka hazina, sikuwa nimemkosea mtu, kulikuwa na mkate tu. Halafu nikaikunja karatasi yake ndogo kabisa, nikaisukuma chini ya maganda ya viazi ili isionekane. Asubuhi nikawaambia watoto mkate ulikuwa umeota ukungu. Mtu ambaye hawezi kuvumilia kosa la shilingi 200 kwenye daftari, huyo huyo anawadanganya watoto wake kwa ajili ya mkate.

Ikawa desturi. Kila nikiikumbuka ile sakafu ya jirani, miguu inanipeleka jikoni. Mandazi, chapati zilizobaki, sukari kwa kijiko. Nikiona nimezidi, natangaza mfungo. Nilifunga siku tatu kavu, bila maji. Watu niliwaambia natafuta uso wa Bwana. Tuseme ukweli, nilikuwa najichapa. Siku ya tatu jioni nikafungua kwa chapati sita, nikalia, na kwa sababu ya kulia nikarudi kuangalia kama kuna nyingine.

Dada mmoja hapa kanisani ambaye ni muuguzi alinifungua macho kidogo. Alisema mwili ukiwa na msongo hutoa homoni iitwayo kotisoli, na hiyo huweza kuongeza hamu ya vitu vitamu na vya mafuta. Tena mtu akijinyima chakula mchana kutwa, usiku mwili hudai kwa nguvu. Kumbe nilikuwa nachochea moto halafu naulaumu kwa kuwaka. Akaongeza kwamba kuna watu ambao jambo hili kwao limekuwa ugonjwa kamili, wanahitaji daktari na mshauri, na kwenda huko si kukosa imani. Nakubaliana naye kabisa.

Lakini sikubaliani na mtu anayesema kwamba kula ukiwa na huzuni ni dhambi tu, basi. Someni habari ya Elia. Alikuwa amechoka mpaka akaomba kufa, akalala chini ya mti. Malaika hakuanza na kemeo. Alileta mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwamsha ale, akalala tena, akaamshwa tena ale mara ya pili. Na sababu aliyopewa ni kwamba safari ilikuwa ndefu. Elia alilishwa ili ainuke. Mimi nilikula ili nisisikie. Mkate ni ule ule, ila wangu ulikuwa wa gizani, na hakuna aliyeniandalia.

Sasa nije kwa jambo ambalo lilinishinda kwa wiki saba.

Nilikuwa nimemwomba yule dada msamaha, ndiyo, lakini kwa ujumbe wa simu. Ujumbe mrefu, wenye maelezo ya orodha na ile 200. Alinijibu, "Yamekwisha dada, Mungu ni mwema." Mimi sikuamini. Jumapili nikimwona anaingia kwa mlango huu, natokea kwa ule. Nilidhani hiyo ni toba, kwamba mtu aliyekosa kama mimi hana uso wa kumsalimia. Nikaandika hata barua ya kujiuzulu uweka hazina, nikaiandika upya mara tatu kwa sababu ya mwandiko. (Chekeni tu.)

Jumamosi moja akaja kwangu. Hakubisha hodi mara mbili. Aliketi, akaniangalia, akasema: "Mwenye ploti alinifungia siku mbili. Wewe umenifungia wiki saba. Nimekukosea nini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka hiyo siku nilikuwa najiona ndiye ninayeumia peke yangu. Kumbe kila nilipomkwepa, yeye alisoma kwamba amekuwa mzigo, kwamba ushirika umemchoka, kwamba shida yake imenichafulia jina. Na hapo mwisho hakukosea sana. Nilichokuwa nikikililia usiku, nikichunguza vizuri, si watoto waliolala sakafuni tu. Nililia pia kwamba mimi, yule dada ambaye kwake pesa hazipotei, nimeonekana. Nilikuwa nimelilinda jina langu kwa kodi ya mjane, na lilipovunjika nikaendelea kulililia jina.

Kwa muda mrefu nilijitetea na Mathayo 5:48, pale tunapoagizwa kuwa wakamilifu kama Baba alivyo. Lakini turudi nyuma kidogo tuone ni ukamilifu gani unaozungumzwa. Aya za juu yake zinataja jua na mvua ambazo Mungu anawapa wema na waovu, na kuwapenda adui. Tena neno la Kiyunani lililotumika hapo, teleios, ndilo linalotumika Waebrania 5:14 palipoandikwa kuhusu chakula kigumu, na pale Biblia yetu ya Kiswahili inataja watu wazima. Kwa hivyo ukamilifu wa Baba katika habari hiyo ni wa mvua isiyochagua shamba, na wa mtu aliyekomaa. Wangu ulikuwa wa rula. Mtu mzima angetuma zile 7,000 asubuhi ya Alhamisi kama alivyoahidi, halafu akatafuta mwenye 200 taratibu.

Sasa swali lenyewe. Siku hizi tunaambiana sana, "Jisamehe, dada." Nimetafuta kwenye Biblia amri ya kujisamehe, sijaiona. Na nadhani kuna sababu. Anayesamehe deni ni yule anayedai. Mimi nilimkosea Mungu, nikamkosea dada na watoto wake. Nijisamehe kama nani? Mwizi akiamka asubuhi akasema amejisamehe, aliyeibiwa atamwangalia vipi? Kwa hiyo naomba tusilitumie hilo neno kama njia ya mkato ya kumruka mtu tuliyemkosea. Zakayo hakuridhika na furaha ya kumkaribisha Yesu nyumbani. Alisimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemdhulumu mtu atarudisha mara nne. Mimi nilirudisha ile faini ya 500, nikaenda na dada shuleni kumweleza mwalimu kwamba kijana hakutoroka.

Lakini baada ya hayo? Mungu amesamehe, maana nilitubu na ameahidi. Dada amesamehe, amekuja mpaka kwangu kuniambia. Aliyebaki akidai ni mimi, na mimi sikuwa mdai tangu mwanzo. Nilikuwa nimepanda kiti cha hakimu ambacho sikupewa na mtu, nikatoa hukumu kali kuliko ya Mungu, na nikaiita unyenyekevu. Nikisema leo nimejisamehe, nina maana hiyo tu, kwamba nimeteremka kwenye kile kiti. Sikujifuta kosa, kwa sababu sina uwezo wa kulifuta.

Na kuna vitu havilipiki. Zile siku mbili za shule hazitarudi. Yule kijana bado hunisalimia kwa mbali. Ana haki yake, na mimi simdai anipende. Hili ndilo gumu zaidi kwangu, kuketi na kitu kisichotengenezeka bila kutafuta cha kutafuna.

Ndiyo maana ile habari ya Petro ilinishika. Yohana anataja moto wa makaa mara mbili. Mara ya kwanza ni sura ya 18, ua wa kuhani mkuu, Petro anaota moto na kumkana Bwana. Mara ya pili ni sura ya 21, ufuoni, na juu yake kuna samaki, na mkate. Sisi tunaotumia jiko la makaa tunajua harufu yake haifichiki. Lazima Petro alikumbuka. Na Yesu hakumwambia afunge kwanza siku tatu. Aliwaita waje wale. Walipokwisha kula ndipo akamuuliza, mara tatu, mbele ya wenzake. Iliuma, Biblia inasema Petro alihuzunika. Hakuulizwa kwa nini alikana. Aliulizwa kama anapenda, na kila alipojibu akapewa kazi. Mimi nilikuwa na barua ya kujiuzulu kwenye mkoba, na Petro anapewa kondoo.

Ile barua niliichoma kwa jiko. Nilimwambia mama mchungaji kila kitu, pamoja na mkate na uongo wa ukungu. Watoto wangu pia niliwaambia. Mdogo akasema alijua, aliiona karatasi. Ushirika uliniachia daftari, lakini sasa kuna dada wa pili anayehesabu nami, na pesa za dharura zinatumwa siku ile ile kabla orodha haijakamilika. Nyumbani nimejiwekea utaratibu mdogo: nakula asubuhi na mchana hata kama nina hasira na nafsi yangu, na siku hizi sili nikiwa nimesimama. Usiku mzito ukija nampigia simu yule muuguzi, au naandika: nimemkosea nani, na kesho naweza kufanya nini. Kuna usiku nimeshindwa. Mwezi jana nimeshindwa mara mbili. Asubuhi yake nilikunywa chai kama kawaida, sikujinyima.

Jumatano iliyopita tulichanga tena, kwa ajili ya mzee wetu aliyelazwa. Hesabu ilikataa kwa shilingi 50. Tulituma pesa pale pale nje ya kanisa, mbele ya watu wawili. Nyumbani nikafungua daftari, nikaandika kwa kalamu nyekundu, "Shilingi 50, mwenyewe hajulikani." Mkono ulitetemeka kidogo. Nilichelewa kulala, mpaka kama saa saba. Nilikula vipande viwili vya mkate, mezani, taa imewaka, mume wangu akauliza kama na yeye anaweza kupata kimoja.