Je, Tuna Wajibu kwa Dhara Tusiloliona?



Tumezoea kumhukumu mtu kwa dhara alilolikusudia. Mwizi alijua kwamba anaiba. Lakini je, tusemeje juu ya dhara ambalo hakuna aliyelikusudia, halionekani kwa macho, nalo linampata mtu wa mbali tusiyemjua?

Hebu tutazame mfano mmoja. Katika Siberia, Alaska na kaskazini ya Kanada, ardhi ya chini hukaa imeganda mwaka hata mwaka. Ndani ya miamba na udongo mna urani kidogo, na katika kuchakaa kwake hutokea gesi iitwayo radoni. Haina rangi, harufu wala ladha. Anayeivuta nyumbani kwa miaka mingi aweza kupata kansa ya mapafu, na kwa mvuta sigara hatari huzidi sana. Lakini radoni haidumu: kila siku 4 hivi, nusu yake hutoweka. Basi barafu, kwa kuichelewesha njiani tu, imewalinda watu siku zote bila kushukuriwa.

Sasa dunia inazidi kupata joto, na barafu hiyo inayeyuka. Mwaka 2022 Paul Glover na Martin Blouin walitoa hesabu zao. Nyumba yenye chumba chini ya ardhi yaweza kupata radoni zaidi ya mara 100 kuliko kwanza, nayo yaweza kubaki juu ya kiwango cha tahadhari kwa muda wa hadi miaka 7. Nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo haikuonyesha ongezeko.

Wako watakaosema, "Hizo ni hesabu tu; tungoje wagonjwa." Lakini kansa hii huchukua miaka mingi kujitokeza. Anayengoja ushahidi wa makaburi amechagua nani alipe gharama ya kungoja kwake. Wengine watasema, "Wavuta sigara wajilaumu wenyewe." Je, mtoto aliyelala chumba cha chini naye ajilaumu? Na wengine, "Moshi wangu ni kidogo mno." Ni kweli, lakini joto hili limetokana na moshi wa wengi, na kila mmoja alikuwa na neno hilo hilo mdomoni.

Nionavyo mimi, hatia na wajibu si kitu kimoja. Asiyejua hana hatia ya jana. Lakini wajibu haungoji hatia; huanza pale mtu anapojua, naye ana uwezo wa kusaidia. Na hapa uwezo upo: radoni hupimwa kwa chombo kidogo kinachoachwa chumbani, nyufa za sakafu huzibwa, na hewa ya chini hutolewa nje kwa bomba.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayejua habari ya ufa katika nyumba ya mwenzake, akanyamaza kwa kuwa si yeye aliyeupasua, hajadanganya mtu. Lakini je, ametenda haki?